Vyombo Nilivyomchagulia Mama Mkwe

Watu wa Mbinga wakitaka kununua vyombo huniita mimi. Binti akikaribia kuolewa, mama yake hunipigia simu nimsindikize madukani, na wenye maduka wakiniona naingia huacha kusifia bidhaa zao, maana wanajua sina adabu mbele ya sufuria. Naigonga kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe, naiweka chini. Naigeuza, naangalia kitako kama ni kizito na kama kimekaa sawa. Kama ina masikio nayavuta kwa nguvu, kwa sababu sufuria ikikatika sikio ikiwa na uji wa moto, anayeungua si muuzaji. Vikaango vyeusi visivyogandisha nawaambia wawaachie watu wa kwenye televisheni. Kwa mwiko wa mti na mikono yetu sisi, miezi mitatu haiishi, weusi wote umeshaliwa na watoto. Chupa ya chai naomba ijazwe maji ya moto palepale dukani, halafu nailaza. Ikitoa hata tone, tunaondoka.

Siku hizi wananiuliza na mashine za kahawa. Kahawa ikipata bei nzuri, vijana walioko Dar es Salaam hukumbuka kwamba kwao kuna mashamba, na huanza kutamani kunywa kile ambacho wazazi wao walikuwa wakikibeba tu kichwani. Nawaambia ukweli. Kwa matumizi ya kila siku nyumbani, kahawa inahitaji sufuria ndogo, chujio na mtu mwenye subira. Ukitaka kujitanua kidogo, nunua lile birika la kioo lenye chujio la kusukuma kwa mkono. Halina waya, umeme ukikatika halina habari. Mashine inayosaga yenyewe, yenye vitufe na taa, mwachie mwenye hoteli.

Wananisikiliza, wananishukuru, wananipa soda. Lakini katika vyombo vyote nilivyowahi kuchagua, sijachagua kwa ustadi kama nilivyomchagulia mama mkwe wangu. Wengi waliokuwepo bado wanadhani nilifanya vile kwa kumpenda.

Mimi ni mtoto wa ziwani, Lipingo. Nililelewa Kianglikana, nikahamia Ukatoliki ili niolewe na Mmatengo wa huku juu, mwalimu mwenye shamba la kahawa. Siku ya kunileta, mama yangu alipanda na lori la dagaa kupitia Kingerikiti akiwa amepakata chungu kipya mapajani, kimefungwa kwa kanga yake nzuri. Kilikuwa chungu cha kupikia, chenye kuta nyembamba na mdomo mpana, aina inayoshushwa kwa mitumbwi kutoka kwa wafinyanzi wa kaskazini mwa ziwa. Kule kwetu, binti asiyeondoka na chungu ni kama ametoroka.

Mama mkwe alitupokea uani. Alikuwa mjane tayari, mwanamke mrefu, viganja vipana kwa kuchimba ngoro, mashimo ya kulimia ya huku juu, milimani tangu utoto. Alifungua kanga, akainama, akakinusa chungu.

"Kinanuka samaki," alisema.

Mama yangu akamwambia kwa heshima kwamba chungu ni kipya, hakijawahi kuingia samaki.

"Basi kinanuka waliokileta."

Wiki ileile kikawa chungu cha kulowekea pumba za nguruwe. Mama yangu alikiona alipokuja kunitazama nilipojifungua. Nilipomsindikiza barabarani akaniambia aliye juu mngoje chini. Nilimngoja.

Ukoo wa mume wangu bado unafuata sengu. Zamani, wanaume wa ukoo walikula pamoja nyumbani kwa mzee, kila mwanamke akileta chungu kutoka jikoni kwake, na mambo ya ukoo yakaamuliwa wakati wa kula. Siku hizi ni Jumapili baada ya misa, na wanawake tunakaa na tunasema. Ila jambo moja halijabadilika: anayesikilizwa ni yule aliyeleta chungu. Mwanamke asiye na jiko lake haleti chungu, na asiyeleta chungu hukaa upande wa watoto. Anayeolewa hupika kwanza jikoni kwa mama mkwe, hadi siku mama mkwe atakapomwashia moto wake mwenyewe, kwa kawaida akishazaa mtoto wa kwanza. Mimi nilizaa wanne.

Kwa miaka tisa nilipika, yeye akabeba. Wazee walionja wakasema, mama, mkono wako hauzeeki, naye akajibu ni Mungu tu, na mimi nikiwa upande wa watoto natoa mawe kwenye wali wa mwanangu. Jumapili moja alikuwa na homa, akaniacha nipeleke chakula mwenyewe. Kaka yangu alikuwa ameleta usipa, wale dagaa wa kwetu, nikawaunga kwa karanga kama anavyounga mama yangu. Mama mkwe aliamka na homa yake, akaja, akaonja mbele ya watu, akatema kiganjani na kumpa mbwa. Akasema Jumapili ijayo tuletewe chakula. Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka yaishe. Mwanamke yule sikumsamehe, na kicheko kile pia sikukisamehe, lakini mume nilikuwa namhitaji.

Moto wangu haukuwashwa na mtu. Mume wangu alijenga nyumba ya matofali yenye jiko ndani, nikahamia, nikanunua sufuria zangu moja moja, na Jumapili moja nikaingia sengu na chungu changu bila kuomba ruhusa. Mama mkwe alitazama pembeni. Ndipo nilipoanza kujulikana kwa vyombo. Aliyelala njaa huijua thamani ya chakula, na mimi nililala njaa ya sufuria miaka tisa.

Miaka ikapita, naye akazeeka. Mikono ikaanza kutetemeka, macho yote mawili yakaingia mtoto wa jicho. Hata hivyo jiko lake liliendelea kusimama, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba yetu, mafiga matatu, sufuria tatu nyeusi, kata ya maji ukutani na chumvi ndani ya kopo upande wa kushoto. Alipika kwa kupapasa. Kila kitu kilikuwa mahali pake kwa zaidi ya miaka arobaini, na mkono ulijua njia. Maharage yake yalikuwa na mchanga, lakini kila Jumapili aliyabeba mwenyewe mpaka sengu, polepole, akihesabu hatua, na watu walimpisha.

Halafu moto ukamshika kanga. Aliungua paja, si sana, ila wanawe walikuja wakakaa kikao. Baadhi walitaka kibanda kifungwe. Nilikuwa sijawahi kumwona mama mkwe akilia, hata kwenye misiba ya ukoo, lakini siku ile alilia mbele yetu sote bila kujifuta.

"Mkininyang'anya moto," alisema, "nichimbieni kabisa kaburi, nisiwasumbue."

Mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wao, akaamua kwamba mama abaki na jiko lake, ila lifanywe la usalama. Zitafutwe zana rahisi ambazo mzee anaweza kuzimudu. Na bahati nzuri, akasema, mtaalamu wa vyombo tunaye humuhumu ndani. Wote wakanigeukia. Mama mkwe naye aligeuza uso kuelekea sauti yangu, akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu.

"Nichagulie vizuri, mwanangu," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Nilijua hasa kilichomfaa. Alihitaji jiko banifu la udongo, fupi, lenye mdomo uliofichika ili moto usifike kwenye nguo, lijengwe palepale mafiga yalipokuwa. Alihitaji kigoda cha kukalia. Sufuria zake nyeusi zibaki, maana zilikuwa nzito na hazipinduki, na kopo la chumvi lisiguswe. Kazi ile ningeimaliza kwa asubuhi moja na fundi mmoja.

Nilizunguka madukani siku tatu. Nilichukua jiko la gesi la kioo, lenye swichi unayoikandamiza huku ukiizungusha, na inabidi uendelee kuikandamiza mpaka moto ushike. Kwa mkono unaotetemeka ni kazi isiyowezekana. Nilichukua sufuria za stili, ndefu na nyembamba, zinazoteleza na kung'aa. Birika la umeme lilikuwa na kitaa chekundu kidogo kama jicho la panya, na hicho ndicho pekee kinachokuambia kwamba limewaka. Vifuniko vilikuwa vya kioo. Vikopo vya chumvi, sukari na majani ya chai nilivitafuta sita vya kufanana kabisa, na maandishi mazuri mbele. Mafiga niliyang'oa mwenyewe, fundi akaweka vigae chini, na kila rafu nikaihamishia upande mwingine.

Kila kimoja kilikuwa chombo kizuri. Wanawe walipoingia walipiga picha, wakaniambia nimemtendea mama yao kuliko wao wenyewe. Mama mkwe alisimama katikati ya vigae akipapasa ukuta ambako kata ya maji ilikuwa ikining'inia. Alisema asante.

Jumapili ya kwanza hakuleta kitu. Ya pili nilimwashia gesi na kuondoka; alipofungua mlango upepo ukazima moto, naye hakujua, akasubiri maharage yaive mpaka watu walipomaliza kula. Ya tatu alitia sukari kwenye mboga. Hakuna aliyemsema, na hilo lilimuuma zaidi. Alikaa mahali pake pa siku zote akiwa ameshika magoti, na mara mbili alifungua mdomo kuzungumza habari ya mpaka wa shamba, vijana wakaendelea kuongea wao kwa wao kana kwamba hayupo.

Mdogo wa mume wangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, aliposikia mama kakosa raha akanipigia. Alitaka kumtumia kitu cha kahawa. Mama amelima kahawa maisha yake yote, alisema, na hajawahi kuinywa. Na angalau angepata cha kupeleka sengu bila kuhangaika na sufuria. Alikuwa ameshamuuliza baba yao mdogo, mzee wa ukoo, naye amekubali kwamba kinywaji kilichotoka jikoni kwa mama kitahesabiwa sawa na chungu. Akanitumia picha mbili nimshauri. Moja ilikuwa ya birika la kioo la kusukuma kwa mkono. Nyingine mashine nyeusi yenye vitufe vinane, na juu yake bakuli la kumimina punje.

Nikamwambia anunue mashine.

Ilifika na basi, imefungwa vizuri. Sijamwona mama mkwe akifurahi kama siku ile. Aliikumbatia kama anambeba mjukuu, akapapasa bakuli la juu, vitufe, mdomo wa kutolea. Alitangaza Jumapili ile atawanywesha ukoo mzima kahawa ya shamba lake, na kila mtu aje na kikombe. Siku mbili alikaa kwenye kizingiti na ungo, anachagua punje kwa ncha za vidole. Huwezi kumdanganya mwanamke yule kwenye kahawa. Iliyoliwa na wadudu aliijua kwa wepesi wake, iliyovunjika kwa ukingo wake.

Lakini alikuwa anachagua kahawa ya kupeleka kwenye chama cha ushirika: kavu lakini haijakaangwa, ikiwa bado ndani ya gamba lake gumu la rangi ya nyasi. Ndivyo inavyotoka mikononi mwetu. Inapakiwa kwenye magunia, na kinachofuata hufanyikia huko iendako; nyumbani tunakunywa chai. Kuna watu katika milima hii wamezeeka kwenye kahawa bila kuiona ikiwa nyeusi. Mama mkwe alisikia kwamba huwa inakaangwa, lakini aliamini hiyo ndiyo kazi ya mashine, kwa sababu angewekewa mashine ya nini kama kazi bado ni yake? Mimi nilijua. Nilipokuwa shuleni niliwakaangia masista kahawa yao kwa miaka miwili.

Jumapili watu walijaa uani. Nilikuwa nimeichomeka mashine na kuijaza maji, kama mkwe mwema. Yeye alisimama mbele yake, kanga mpya, ungo mkononi. Kabla hajamimina alisita, akageuza uso upande wangu.

"Mwanangu, hii inakula kahawa hivi hivi?"

Watu wote walikuwa nje. Tulikuwa wawili tu mle ndani.

"Kwenye picha punje zinamiminwa juu, mama," nikasema.

"Hizi hizi?"

"Punje ni punje."

Akamimina zote, asipoteze hata moja. Kidole chake kikatafuta kitufe nilichomwonyesha, akakibonyeza, akarudi nyuma hatua moja akisubiri, ameunganisha mikono kifuani kama yuko kwenye kipaimara. Mashine iliguna. Halafu ikapiga kelele kama nguruwe aliyeshikwa mguu, ikatikisika juu ya meza, ikanyamaza. Harufu ya plastiki inayoungua ikajaa kibanda, maji yakaanza kuvuja kwenye vigae vyangu vizuri, na umeme wa nyumba yote ukakatika. Walipokuja mlangoni kila mmoja alikuwa na kikombe chake mkononi. Mtoto mmoja alicheka, na baba mdogo, ambaye hakuwa mtu mbaya, akashindwa kujizuia naye akacheka.

Mama mkwe alikuwa ameinamia mashine, anaipapasa, anaungua vidole na haviondoi. Alikuwa akiuliza amekosea wapi. Alimuuliza kila aliyekuwa karibu. Hakuniuliza mimi.

"Mama, inatosha," mume wangu alisema.

Ufunguo wa jiko mama mkwe aliuvaa shingoni kwa kamba. Mume wangu alinyoosha mkono, akaurudisha chini bila kuugusa ufunguo. Hakuwa na moyo wa kumvua mama yake. Basi mama mkwe mwenyewe akainamisha kichwa, akauvua, akaushika mbele yake kwa yeyote atakayeupokea. Niliupokea mimi. Ningeweza kusema neno moja wakati ule. Ningeweza kusema, nimemdanganya. Nilichukua tambara nikafuta maji.

Nisiwadanganye: nilisikia utamu. Wiki nzima nilikuwa mwepesi, nikaimba kwaya jikoni. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, tukiwa shambani, kama nilijua. Nikamuuliza nilijua nini. Akaendelea kupalilia na hakuuliza tena, na toka siku ile hali chakula changu mpaka nianze mimi.

Kibanda nikakifanya stoo ya mbolea. Mama mkwe akawa anakula kutoka jikoni kwangu, kwa sahani ya plastiki ya rangi ya chungwa niliyomnunulia. Ni nyepesi, haivunjiki, ina ukingo unaozuia chakula kumwagika. Ile ndiyo zana pekee niliyomchagulia iliyomfaa kweli. Jumapili alikuja sengu mikono mitupu, wajukuu wakamsogezea mkeka upande wao. Mimi nilileta chungu, nikasema habari ya mpaka wa shamba, na nikasikilizwa.

Asubuhi, kabla ya yote, alikuwa akienda kukaa nje ya mlango wa kibanda, mgongo ukutani, mpaka jua lipande. Nilimwona kutoka dirishani kwangu na nikaendelea na uji. Nilidhani huo ndio mwisho wake, kwamba atakaa pale mpaka Mungu amkumbuke.

Asubuhi moja ya baridi hakwenda huko. Nilisikia mkono unapapasa fremu ya mlango wangu, nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba aliyoijenga mwanawe, hajaingia, ameshika kikombe kitupu kwa mikono yote miwili. Binti yangu mkubwa alikuwa anasafisha samaki pembeni yangu. Mama mkwe alikunja magoti, yale magoti yasiyokunjika hata kanisani, akashuka kiasi alichoweza.

"Shikamoo, mama," aliniambia.

Binti yangu akaguna kwa kicheko, akasema bibi amechanganyikiwa, halafu akanitazama akaacha kucheka. Mimi niliyatazama yale macho yenye ukungu. Hayakuwa yamechanganyikiwa. Katika ukoo ule anayeombwa moto, au kilichopikwa juu yake, ndiye mkubwa na ndiye anayeamkiwa, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo kwa miaka tisa. Alikuwa akitetemeka kwa kuinama, anangoja. Binti yangu alikuwa anangoja pia, kisu mkononi, aone nitamwinua bibi yake vipi.

"Marahaba," nikamjibu, nikamwonyesha binti yangu mahali pa kumkalisha.